Kuingiza Rekodi za Spishi Kwenye Programu Bila Makosa ya Kimya: Mwongozo Kamili

Una lahajedwali lenye miaka mitatu ya kutembea porini na daftari mkononi. Unabonyeza kitufe cha kuingiza data. Programu inasubirisha kidogo, kisha inakujibu kwamba mistari 1,240 imekataliwa. Sababu haieleweki. Unarekebisha kitu kimoja, unajaribu tena, safari hii imekataliwa 1,238. Ikifika usiku wa manane unaachana nayo, na rekodi zako zinarudi kulala kwenye kompyuta ambako hazimsaidii mtafiti wala kiumbe chochote.

Wasomaji wanakwama hapo kila mara, kwa sababu zilezile. Mwongozo huu unakupitisha hatua kwa hatua. Lakini kabla ya yote shika jambo hili: mstari uliokataliwa haujakudhuru, maana programu imekuonyesha pa kurekebisha. Unaodhuru ni ule uliopokelewa ukiwa na kosa ndani yake. Huo utakaa kwenye ramani miaka na miaka, na watu watauamini.

Nalijua hilo kwa kuumia. Niliwahi kupanga safu ya majina kwa alfabeti bila kuchagua safu nyingine zote. Majina yalihama, mahali na tarehe vikabaki vilipokuwa. Programu ilipokea kila mstari na kunipongeza. Niligundua wiki kadhaa baadaye, nilipoona kaa wa mikoko amewekwa juu ya mlima. Ilinibidi kufuta kila kitu na kuanza upya kutoka kwenye daftari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili lako la asili, pamoja na daftari la porini au picha za kurasa zake.
- Programu ya lahajedwali: Excel, LibreOffice Calc au nyingine unayoizoea.
- Kihariri cha maandishi matupu, cha kuangalia faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) lilivyo hasa.
- Kiolezo cha programu unayoingizia, yaani faili tupu lenye vichwa vya safu inavyovitaka.
- Orodha ya majina ya spishi ambayo programu hiyo inaifuata. Hii ndiyo wengi hawaitafuti, na ndiyo inayokataa mistari mingi kuliko kitu kingine chochote.
- OpenRefine, kama una maelfu ya mistari. Ni ya bure, na inakusanya pamoja maandishi yanayofanana ili uyasawazishe kwa mkupuo.

Tenga siku mbili. Ukiwa na haraka, afadhali usianze leo.

## Hatua ya 1: Tenganisha asili na nakala ya kazi

Tengeneza nakala ya faili na uipe jina jipya. Lile la asili usiliguse tena.

Kwenye nakala, ongeza safu mbili. Ya kwanza ni ya kitambulisho: kila rekodi ipate namba au msimbo wake peke yake, usiorudiwa popote na usiobadilika milele. Kwenye Darwin Core, kiwango ambacho programu nyingi za rekodi za viumbe hukifuata, safu hii inaitwa occurrenceID. Usitumie namba ya mstari wa lahajedwali, kwa sababu ukipanga upya namba zinahamia rekodi nyingine.

Safu ya pili ni ya jina kama ulivyoliandika porini, bila kusahihisha hata herufi. Utabadilisha majina huko mbele, na siku moja mtu atauliza kwa nini. Jibu liwepo.

Umefanikiwa ukiona: idadi ya vitambulisho visivyojirudia ni sawasawa na idadi ya mistari.

## Hatua ya 2: Linganisha vichwa vya safu

Fungua kiolezo upande mmoja, faili lako upande wa pili. Vichwa viandikwe kama kiolezo kinavyosema, herufi kwa herufi. Kwa Darwin Core utahitaji angalau scientificName (jina la kisayansi), eventDate (tarehe), decimalLatitude na decimalLongitude (latitudo na longitudo kwa desimali), recordedBy (aliyerekodi) na basisOfRecord.

Hiyo ya mwisho husahauliwa sana. Inaeleza rekodi imetokana na nini: HumanObservation kama umeona kwa macho, MachineObservation kama ni kamera ya kutegwa, PreservedSpecimen kama ni sampuli iliyohifadhiwa. Maneno haya hayatafsiriwi wala kufupishwa, kwa sababu programu inayatafuta yalivyo.

Ondoa vichwa vya mistari miwili, visanduku vilivyounganishwa, na mistari ya jumla iliyo chini ya jedwali. Rangi nazo hazisafiri. Kama njano ilimaanisha "sina uhakika", andika hilo kwenye safu yake kabla halijapotea.

## Hatua ya 3: Tarehe

Hapa tutulie.

03/04/2019 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Wewe unajua. Lahajedwali halijui, na halitakuuliza. Linachagua kulingana na mipangilio ya kompyuta. Likiwa limewekwa kwa mtindo wa Marekani, linasoma 4 Machi. Likifika kwenye 25/04/2019 linashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo linaiacha kama maandishi tu.

Ndiyo maana jicho lako linaweza kuligundua kosa hili. Panua safu ya tarehe, na hakikisha hujaipanga kulia, kushoto wala katikati kwa mkono. Tarehe ambazo lahajedwali limezielewa hukaa upande wa kulia wa kisanduku. Maandishi hukaa kushoto. Ukiona mchanganyiko wa kulia na kushoto, umeshapatwa. Tena zilizo kushoto ndizo salama. Zilizo kulia ndizo zilizogeuzwa siku kuwa mwezi.

Dawa ya kweli ni kurudi kwenye faili la asili na kulifungua upya huku ukiitaja safu ya tarehe kuwa ya maandishi. Kama asili nayo imeshaharibika, geuza zile za kulia kwa fomula hii:

=DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2))

Kisha andika tarehe zote kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2019-04-03. Huu ni mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, na hauna njia mbili za kusomeka. Binafsi naweka mwaka, mwezi na siku kwenye safu tatu tofauti tangu naandika, kisha naziunganisha mwishoni. Ni kazi kidogo zaidi, lakini tangu nianze hivyo sijapoteza tarehe.

Angalia pia mambo haya:

Ukiona namba kama 45000 mahali pa tarehe, usiifute. Hiyo ni hesabu ya siku ambayo Excel huitunza ndani kwa ndani, na 45000 ni 2023-03-15. Badilisha muundo wa kisanduku, tarehe itarudi.

Ukikumbuka mwezi tu, andika 2019-04 na uishie hapo, kama programu inaruhusu. Usijaze 2019-04-01 ili mstari upite. Ukifanya hivyo umetunga siku ambayo hukuwepo, na anayechunguza ndege wahamaji atakuta kundi zima limewasili tarehe mosi. Excel yenyewe inaweza kukufanyia ubaya huu, kwa sababu 2019-04 ikiandikwa kwenye kisanduku cha kawaida inageuka kuwa tarehe kamili. Itaje safu kuwa ya maandishi kwanza, ndipo uandike.

Na ukivuta kona ya kisanduku kunakili tarehe kwenda chini, lahajedwali linaongeza siku moja kila mstari. Matembezi ya asubuhi moja yanakuwa ya mwezi mzima. Linafanya vivyo hivyo kwa maneno yanayoishia na namba, kama "Kituo 1".

Umefanikiwa ukiona: tarehe zote zina mpangilio mmoja, ya kwanza kabisa si kabla hujaanza kurekodi, na ya mwisho haipo kesho.

## Hatua ya 4: Mahali

Programu nyingi zinataka latitudo na longitudo kwa desimali. Kama uliandika kwa digrii, dakika na sekunde, lazima ugawanye. Dakika gawa kwa 60, sekunde gawa kwa 3600, kisha jumlisha.

Tuchukue 3°22′12″ Kusini. 22 gawa kwa 60 ni 0.36667. 12 gawa kwa 3600 ni 0.00333. Ukijumlisha na 3 unapata 3.37. Kwa kuwa ni Kusini, unaweka alama ya kutoa: −3.37000.

Sasa tazama namna mbili za kukosea hapohapo. Ukiandika 3.2212, yaani umeziunganisha tarakimu bila kugawa, umesogea kilomita 16 hivi. Hiyo haionekani kwenye ramani ya nchi, lakini inatosha kumtoa chura bondeni na kumpandisha kwenye mlima mwingine. Ukisahau alama ya kutoa, umevuka ikweta na kusogea zaidi ya kilomita 700. Magharibi nako longitudo inataka alama ya kutoa.

Kosa jingine ni kubadilishana safu. Latitudo haizidi 90 wala kushuka chini ya −90, kwa hiyo programu inaweza kukukamata longitudo yako ikiwa kubwa. Kama namba zote mbili ni ndogo, hakuna wa kukuambia. Nukta ya −3.37 na 36.70 ikigeuzwa inaangukia pwani ya kusini mwa Hispania, na programu inaipokea bila neno.

Visanduku vitupu visigeuke sifuri. Latitudo 0 na longitudo 0 ni mahali halisi baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, na pamejaa rekodi za twiga na mende waliopelekwa huko na visanduku vitupu. Chuja sifuri zote mbili uzitoe.

Koma nayo ni mtego. Kompyuta nyingine huandika 3,37 badala ya 3.37, na kwenye CSV koma ndiyo inayotenganisha safu, hivyo namba moja inakatwa vipande viwili. Tumia nukta.

Halafu kuna uhakika wa mahali, ambao kwenye Darwin Core ni coordinateUncertaintyInMeters. Nakusihi uujaze. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta zinakupa usahihi wa kilomita moja hivi, tarakimu nne mita 11, tano mita moja. Kuandika tarakimu kumi na mbili hakukuongezei usahihi. Kama ulichukua nukta ya katikati ya msitu wenye upana wa kilomita 4, andika angalau 2000. Usiandike sifuri, kwani kiwango chenyewe hakiikubali.

Kama nukta zako zilisomwa kwenye ramani ya zamani ya karatasi, angalia pembeni mwa ramani ilitumia mfumo gani wa vipimo vya mahali (datum). Simu na GPS za kawaida hutumia WGS84. Ukichanganya mifumo bila kugeuza, nukta zote zinahama kwa pamoja, pengine mamia ya mita, na kwa kuwa zimehama pamoja huwezi kuliona kosa kwa macho.

Tahadhari: spishi zinazowindwa au kung'olewa na wezi zisiende hadharani na nukta kamili. Tunza nukta halisi kwenye faili lako, na utoe iliyokadiriwa.

## Hatua ya 5: Majina ya spishi

Usisahihishe jina mstari kwa mstari. Toa kwanza orodha ya majina yasiyojirudia. Rekodi elfu tano mara nyingi zina majina mia tatu tu, na mia tatu zinafanyika kwa jioni moja.

Kabla ya kulinganisha, safisha. Nafasi tupu mwishoni mwa jina haionekani, lakini kwa programu "Panthera leo" yenye nafasi mwishoni ni jina lingine. Fomula ya TRIM inaziondoa. Kama uliinakili orodha kutoka kwenye ukurasa wa intaneti kuna nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiigusi. Iondoe hivi:

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))

Kisha pitisha orodha kwenye kilinganishi cha majina. GBIF, hazina ya kimataifa ya rekodi za viumbe, wanacho cha bure mtandaoni, na kwa viumbe wa baharini kuna cha WoRMS, orodha ya dunia ya majina yao. Kile cha GBIF kinakuambia kila jina limelingana vipi: sawasawa kabisa, kwa kukadiria, kwa ngazi ya juu tu, au halikupatikana. Yaliyolingana sawasawa yaache kwanza. Yaliyokadiriwa yasome moja moja kwa macho yako. Mara nyingi tofauti ni herufi, kama *Gyps rueppelli* na *Gyps rueppellii*, ambao ni tai yuleyule. Lakini *Larus* ni jenasi (kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu) ya shakwe, na *Parus* ni ndege wadogo wa mitini. Herufi moja tu inawatenga.

Yaliyolingana kwa ngazi ya juu ni hatari zaidi. Maana yake programu haikuipata spishi, ikakuwekea jenasi au familia na kuendelea. Rekodi imeingia, spishi imepotea.

### Majina yanayofanana ya viumbe tofauti

Sheria za majina ya wanyama na za mimea ni mbili tofauti, hivyo jina moja la jenasi linaweza kutumika pande zote. *Ficus* ni mikuyu, na pia ni konokono wa baharini. *Morus* ni mforosadi, na pia ni ndege wa baharini. Rekodi iliyoishia kwenye jenasi inaweza kwenda upande wowote. Ongeza safu ya kingdom na ujaze Animalia (wanyama) au Plantae (mimea), tatizo linaisha.

### Majina yaliyobadilika

Migunga mingi iliyokuwa *Acacia* sasa imo kwenye *Vachellia* na *Senegalia*, baada ya mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 kuamua jina *Acacia* libaki na kundi ambalo wengi wake wako Australia. *Acacia tortilis* ni *Vachellia tortilis*. *Acacia senegal* ni *Senegalia senegal*. Haya ni visawe vya kawaida, na programu nzuri huvigeuza yenyewe.

Kisichogeuka chenyewe ni spishi iliyogawanywa. Tembo wa Afrika zamani waliandikwa wote *Loxodonta africana*. Siku hizi tembo wa msituni ni *Loxodonta cyclotis*, na tangu 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inawatathmini kila mmoja peke yake. Rekodi ya zamani ya *Loxodonta africana* kutoka msitu mnene itapita bila swali, ingawa huenda ni yule mwingine. Usibadilishe kwa kubahatisha. Kama mahali panathibitisha, badilisha na uandike sababu. Kama hapathibitishi, acha jina la asili na uweke maelezo.

Maneno kama "cf." (yaani linganisha na) na "labda" yasikae ndani ya jina. Yana safu yake, identificationQualifier. Ukiyafuta ili jina likubalike, umegeuza shaka yako kuwa uhakika.

Ukimaliza una jedwali la majina: upande mmoja ulivyoandika, upande wa pili linavyokubalika. Lirudishe kwenye faili kubwa kwa VLOOKUP, fomula inayotafuta neno kwenye jedwali na kukuletea lililo kando yake, ukiitaka ilingane sawasawa, yaani umalizie fomula kwa FALSE. Ukiisahau, VLOOKUP inaweza kukupa jina la jirani.

## Hatua ya 6: Idadi, watu na maelezo

Safu ya idadi inataka namba nzima tu. "10+", "kama 20" na "wengi" vipeleke kwenye safu ya maelezo, na idadi uiache tupu. Kama ulitafuta spishi ukaikosa, hiyo ni rekodi halali ya kutokuwepo: andika absent kwenye occurrenceStatus. Ukiacha sifuri peke yake, programu nyingine zitaichora kama imeonekana.

Majina ya watu wawili au zaidi yatenganishe kwa mstari wima | badala ya koma. Kwenye maelezo, ondoa mistari mipya ndani ya kisanduku kwa CLEAN. Kila mmoja unaweza kuikata rekodi vipande viwili.

## Hatua ya 7: Hifadhi faili la kuingiza

Geuza fomula zote kuwa thamani. Hifadhi kama CSV yenye usimbaji (namna kompyuta inavyotunza herufi) wa UTF-8. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, lifungue kwa kihariri cha maandishi badala ya Excel, kwa sababu Excel ikilifungua inaweza kuzigeuza tena tarehe zote ulizozihangaikia.

Tafuta jina lenye herufi ngeni, kwa mfano Rüppell. Likisomeka RÃ¼ppell, usimbaji umekosewa. Angalia kinachotenganisha safu ni koma au nukta mkato, na kama ndicho programu inachokitaka. Kama programu inasema haioni safu ya kwanza ilhali wewe unaiona, huenda kuna alama iliyofichika mwanzoni mwa faili, inayoitwa BOM. Hifadhi tena kwa UTF-8 isiyo na BOM.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa mistari ishirini migumu

Usichukue ishirini ya mwanzo. Chagua ya zamani kuliko yote na ya mwisho kuliko yote, yenye herufi ngeni, yenye maelezo marefu, yenye tarehe ya mwezi tu, ya Kusini, ya jenasi pekee, na ya kutokuwepo.

Ongeza miwili uliyoiharibu kwa makusudi: mmoja wenye latitudo 95, mwingine wenye tarehe ya mwaka ujao. Ikipita, umejua kwamba programu hii haikagui, na mzigo wote ni wako. Ifute mara tu jaribio likiisha.

Umefanikiwa ukiona: ishirini imeingia, miwili imekataliwa kwa sababu unazozielewa.

## Hatua ya 9: Ingiza kwa mafungu

Hifadhi nakala ya hazina nzima ya programu kwanza. Kisha ingiza mia tano mia tano, kila fungu likiwa na jina lake kwenye safu moja, ili likiharibika ulifute hilo tu.

Iliyokataliwa irekebishe kwenye faili kuu la kazi, kisha toa humo faili dogo lenye hiyo peke yake uliingize. Ukirudia fungu zima, programu zisizoangalia vitambulisho zitakupa kila rekodi mara mbili. Hifadhi pia mpangilio wa kulinganisha safu ndani ya programu, usije ukauchagua upya kila mara na kukosea mara ya nne umeshachoka.

## Hatua ya 10: Zitoe tena uzilinganishe

Ujumbe wa "imefanikiwa" haukuambii kitu kuhusu ukweli wa data. Zitoe rekodi zote kutoka kwenye programu, uziweke kando ya faili ulilopeleka. Iliyopokelewa na iliyokataliwa, jumla iwe sawa na iliyopelekwa. Idadi ya spishi ilingane, au tofauti uielewe kwa sababu ya visawe. Tarehe ya kwanza na ya mwisho zilingane.

Kisha fungua ramani, spishi moja baada ya nyingine, ukianza na zile unazozifahamu zaidi. Samaki nchi kavu, mti baharini, nukta moja iliyojitenga na wenzake: kila moja ifuatilie kwa kitambulisho chake hadi kwenye mstari wake.

Mwisho chagua rekodi kumi kwa bahati nasibu, fungua daftari, usome ukurasa ulioandika siku ile. Jina, mahali, siku, idadi, nani alikuwepo. Hata moja ikipishana, chukua kumi nyingine za fungu hilohilo. Zikipishana tena, futa fungu lote urudi kwenye hatua iliyolikosesha.